Uso Wako, Jua la Kikambala na Darasa la Urembo wa Kikorea

Tangazo huingia kwenye kundi la WhatsApp usiku, katikati ya picha za keki na dua za Ijumaa: darasa la siku moja la kutunza ngozi na kujipamba kwa mtindo wa Kikorea, Jumamosi, hoteli ya ufuoni Kikambala, chakula cha mchana na cheti vimo. Juu kuna picha ya binti wa Seoul mwenye uso unaometa. Ada imeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Kuanzia Mtwapa hadi Vipingo mabinti wanaulizana: twende?

Nendeni. Ila mtu aende akijua anachokifuata. Mimi naona darasa la namna hii lina mambo mawili yenye thamani ya nauli na ada yake: kuosha uso bila kuuchokoza, na kupaka kinga ya jua ipasavyo. Zile chupa kumi zilizopangwa mezani, barakoa za karatasi na midomo iliyokolezwa katikati tu, hiyo ni burudani. Burudani haina ubaya, mradi isile pesa za karo.

Swali la kwanza kumuuliza mwandalizi, kabla vidole havijagusa M-Pesa, ni kama utapaka mwenyewe au utatazama. Madarasa mengi humkalisha msichana mmoja kitini, mwalimu akampaka, na waliobaki wakainua simu. Hayo unaweza kuyatazama bure ukiwa kitandani kwako. Darasa la mikono lina kioo, beseni na taulo kwa kila mtu, na mwalimu hupita meza kwa meza akakushika kiganja na kukuonyesha. Ukiambiwa vifaa vitagawanwa, uliza vitagawanwa vipi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulitusumbua Pwani nzima, na kijiti kimoja cha wanja kinachopita jicho hadi jicho ni njia nyepesi ya kuusambaza. Wanja, maskara na rangi ya mdomo ziwe zako, au zichotwe kwa kijiti cha kutumia mara moja na kutupa. Hapa usione haya. Mwalimu anayejua kazi yake hatachukia kuulizwa.

Muulize pia amewahi kuwapaka nani, na akutumie picha. Kama zote ni za watu weupe, huyo atakufundisha uso usio wako. Halafu uliza bidhaa atakazotumia, akupigie picha nyuma ya kila boksi mahali palipoandikwa viungo. Hili linahitaji siku kadhaa mapema, kwa sababu ngozi yenye mzio haijulikani kwa kutazamwa. Ukiweza kupata kidogo cha bidhaa yenyewe, paka nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, usubiri saa 48. Ukiwasha, ukivimba au ukitoka vipele, umejua kabla uso haujajua.

Na kwa wanaovaa hijabu, uliza waziwazi: ni wanawake watupu? Wahudumu wa hoteli wataingia? Nani anapiga picha, na zitapelekwa wapi? Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na picha ya uso wako si mali ya mwandalizi kwa sababu tu umelipa ada na kukaa kwenye kiti chake. Mtu hawezi kuitumia kuuzia darasa lijalo bila ridhaa yako. Sema hivyo mlangoni, mapema, kwa upole, tena mbele ya mpiga picha mwenyewe.

Wiki ya darasa si wiki ya singo. Nasema hivi nikiwa mpenzi wa singo: waridi, asmini, mrehani, liwa iliyosagwa vizuri, hakuna krimu ya kigeni iliyonifanya niisahau. Lakini singo ni ya kusugua, na ngozi iliyotoka kusuguliwa huwa laini mno kwa tindikali na manukato ya chupa mpya. Vivyo hivyo kutoa nyusi kwa uzi au nywele za usoni kwa nta: fanya siku tatu nne kabla, au ngoja mpaka baada. Kama unatumia dawa ya chunusi uliyopewa na daktari, hasa zile za jamii ya retinoli, mwambie mwalimu mwanzoni.

Kuna kundi moja ambalo ningewaomba wasiende kwanza. Ni wanaotumia mkorogo, au zile krimu za tyubu zenye steroidi kali kama klobetasoli, zinazouzwa madukani kana kwamba ni losheni tu. Ngozi iliyozoea steroidi ni nyembamba, na ikikatiziwa ghafla inaweza kuwaka ikawa nyekundu, ikatoka vipele kuliko mwanzo. Hilo ni la daktari wa ngozi, na linachukua wiki au miezi. Darasa litakuja tena.

Siku yenyewe ondoka mapema. Foleni ya Mtwapa haimwonei mtu huruma. Nenda na uso mtupu, ukiwa umekula. Beba kioo kidogo, taulo ndogo, leso kuukuu ya kujifunga kifuani, kitambaa cha kuzuia nywele, na, hili wengi hulisahau, vile vitu unavyotumia nyumbani kila siku. Viweke mbele ya mwalimu umuulize kipi kibaki na kipi kitoke. Dakika tano za jibu hilo zina faida kuliko saa nzima ya kueleza seramu usizonazo. Kwa anayeswali, tawadha na uswali kabla ya kuanza kupaka. Vipodozi vyenyewe havitengui udhu, lakini vile visivyopitisha maji itabidi uvitoe ukitaka kutawadha upya, na hakuna anayependa kuosha kazi ya saa mbili kwa sababu adhuhuri imeingia.

Sasa tuingie kwenye kuosha, maana hapo ndipo Wakorea walipotuzidi, na wametuzidi kwa subira tu. Wao huosha mara mbili jioni. Kwanza mafuta, kisha sabuni laini ya povu. Mafuta hupakwa uso ukiwa mkavu na mikono ikiwa mikavu, yakasuguliwa taratibu kwa nyama ya vidole kama dakika moja, kwenye mikunjo ya pua na chini ya kidevu. Halafu unalowesha vidole kidogo, unaendelea kusugua, na mafuta yanageuka meupe mithili ya maziwa. Kule kugeuka ndiko kazi yenyewe: mafuta yameshikana na maji, sasa yataondoka pamoja na poda, jasho na kinga ya jua. Wengi huruka hatua hii, wakamwaga maji moja kwa moja, kisha wakalalamika kwamba mafuta yamewatoa chunusi.

Utauliza: mafuta yetu ya nazi je? Yanatoa vipodozi vizuri, kweli. Lakini hayana kile kiungo cha kuyafanya yashikane na maji, kwa hiyo yanabaki usoni yakaziba vinyweleo, na kwa wenye chunusi mafuta ya nazi ni miongoni mwa yanayoziba sana. Yaache kwa nywele na miguu. Usoni, kama huna pesa ya mafuta ya Kikorea, maji ya miselari ya bei nafuu na pamba yatafanya, mradi uoshe tena baadaye.

Jambo jingine hutaliona kwenye video za Seoul: maji yetu. Visima vingi vya ukanda huu vina chumvi. Sabuni haitoi povu ipasavyo, mtu anaongeza sabuni, anasugua kwa nguvu, na mwisho uso umekakamaa. Kama nyumbani kwenu ni maji ya kisima, weka jagi moja la maji ya mvua au ya kunywa kwa ajili ya suuza ya mwisho tu. Mwalimu akikuuliza kwa nini ngozi yako inavuta, mwambie habari ya kisima kabla hajakuuzia krimu ya ukavu.

Hatua kumi za kutunza ngozi zilizotangazwa sana na wafanyabiashara wa Marekani zaidi ya miaka kumi iliyopita hazikuwa sheria hata huko Korea kwenyewe. Kwa joto na unyevu wa Kikambala, mtu mwenye chupa kumi usoni anatoa jasho la rangi kumi. Asubuhi suuza, paka kitu chepesi cha unyevu kama ngozi yako ni kavu, kisha kinga ya jua. Jioni osha mara mbili, tona ukipenda, seramu moja yenye kazi maalumu, kitu cha unyevu. Basi. Tona ipakwe kwa viganja, si pamba. Pamba hunywa sehemu yake.

Mezani utakutana na jani liitwalo sentela, lililo kwenye chupa nyingi za Kikorea, nalo hutuliza ngozi iliyochokozwa. Nyingi zinajivunia kwamba lao limechumwa Madagaska. Yaani Bukini, jirani zetu wa bahari hii hii, ambako watu walilitumia kwa vidonda muda mrefu kabla ya Wafaransa kulitengenezea dawa ya Madecassol. Limesafiri hadi Incheon, limerudi Mombasa ndani ya chupa ya kioo, na sisi tunalipia safari zote mbili. Silidharau; linafaa. Nasema tu usilipie hadithi ya mbali kwa kitu cha karibu.

Utakutana pia na ute wa konokono. Kwa Waislamu, wanazuoni wametofautiana kuhusu kutumia vitu vya mnyama huyu mwilini, basi mwenye shaka amuulize shekhe wake kabla ya siku, asije akaanza mjadala beseni likiwa mbele yake. Kolajeni nayo uliza imetoka kwa samaki, ng'ombe au nguruwe. Zipo bidhaa za Kikorea zenye cheti cha halali. Mwalimu wa Pwani asiyejua hata moja hajajiandaa kwa wanafunzi wake.

Kinga ya jua ndiyo ningeitengea muda mrefu kuliko vyote. Kuna msemo unaozunguka kwamba hiyo ni ya watalii. Melanini inakinga, ndiyo: watafiti walipoipima mwaka 1979 waliikadiria kinga ya ngozi nyeusi kuwa sawa na SPF 13 hivi. Si haba, lakini haitoshi kwa anayeuza samaki ufuoni au anayesubiri matatu barabarani saa saba mchana, maana tupo hatua chache kusini mwa ikweta. Na madoa meusi yanayobaki baada ya chunusi, yale yanayotuhangaisha kuliko chunusi zenyewe, hukolezwa na jua. Hata mwanga wa kawaida unaoonekana huyakoleza kwenye ngozi nyeusi. Unaweza kununua seramu ya madoa ya bei yoyote, ukitoka bila kinga ya jua umemwaga pesa mchangani. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, Watanzania wamekuwa wakitengeneza krimu yao ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na hapa Kenya baraza la taifa la watu wenye ulemavu huwagawia wenye ualbino kinga ya jua bure. Kwa hiyo hii si habari ya watalii.

Kwenye chupa ya Kikorea utaona SPF 50+ na PA++++. Ya kwanza ni kinga ya miale inayounguza, ya pili ni ya miale inayoingia ndani zaidi na kuzeesha; alama nne za kujumlisha ndizo za juu. Lakini namba hizo zilipimwa kwa kupaka nyingi. Uso na shingo vinataka mistari miwili iliyojaa, urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Darasani mwambie mwalimu akuruhusu upake kiasi hicho chote, usikubali tone la kuonja. Ndipo utajua kama inateleza, inaumiza macho ukitoka jasho, au inakuacha na weupe wa majivu. Zile zenye zinki na titani ndizo hutupa weupe huo mara nyingi. Zenye rangi ya udongo ndani, yaani oksidi za chuma, zinatufaa zaidi, maana ndizo zinazozuia ule mwanga unaoonekana. Ukishapaka, usijitazame chini ya taa za ukumbi. Toka nje, simama juani, mpe mwenzako simu akupige picha. Na rudia kila saa mbili ukiwa nje, au ukitoka baharini.

Ukifika upande wa kujipamba, legeza moyo ufurahi. Kile kiboksi chenye sponji iliyolowa fondesheni, ambacho Wakorea wanakiita kushoni, kilianzishwa na kampuni ya Amorepacific mwaka 2008, na uzuri wake ni kwamba unagonga tabaka nyembamba badala ya kupaka zege. Tatizo lilikuwa rangi. Kwa miaka mingi kampuni za huko zilitengeneza tatu nne, zote kwa ajili ya watu wao. Mwaka 2024 msichana Mmarekani mweusi ajulikanaye mtandaoni kama Miss Darcei alionyesha kwenye video kwamba rangi nzito kuliko zote ya TIRTIR haikumfikia. Kampuni ikaongeza, mpaka mwaka huo huo zikafika 30. Kwa hiyo darasani usikubali kuambiwa "hii ndiyo nyeusi yetu". Jaribu kwenye taya, si mkononi, na usubiri robo saa, kwa kuwa nyingi hukolea rangi zikikutana na mafuta ya ngozi. Isipopatikana yako, jifunze mkono wa kugonga, ukautumie kwa fondesheni yako ya nyumbani.

Ule mng'ao wa kioo wanaousifu, Kikambala tunaupata bure ifikapo saa sita. Hapa mafunzo uyapindue: acha mng'ao juu ya mashavu tu, na upake poda kidogo puani na kwenye paji la uso. Nyusi zao zilizonyooka humpa mtu sura ya kitoto. Wengine zinawapendeza, mimi bado naona jicho la Mswahili linataka wanja wake na nyusi yenye upinde. Rangi ya mdomo inayonywea, hiyo chukua bila kusita, inastahimili hata pilau.

Litazuka neno "kung'arisha". Usilikimbie wala usilikumbatie. Wakorea wana aina ya bidhaa zilizoidhinishwa na serikali yao kwa kazi hiyo, na kiungo chake cha kawaida ni niasinamaidi ya asilimia 2 hadi 5, inayofifiza madoa polepole na haibadilishi rangi uliyozaliwa nayo. Hiyo ni salama kwa wengi wetu. Zebaki ni kitu kingine kabisa: huingia mwilini ikaharibu figo, na mkataba wa kimataifa wa Minamata umeikataza katika vipodozi. Mtu akikuahidi darasani kwamba utakuwa mweupe ndani ya wiki mbili, kusanya leso yako.

Siku hiyo usinunue. Watakuambia punguzo linaisha jioni, acha liishe. Piga picha ya ulichokipenda, nenda ukakifikirie usiku mmoja kwanza. Ukiamua kununua, popote pale, angalia stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Bidhaa yenye alama ya ubora na nambari ya kibali unaweza kuikagua kwa kutuma SM# ikifuatiwa na nambari hiyo kwenda 20023. Kisha soma tarehe kwa makini, kwa kuwa Wakorea huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Tarehe ikiandamana na 제조, hiyo ni siku ya kutengenezwa. Ikifuatiwa na 까지, hiyo ndiyo ya mwisho wa kutumia. Watu wametupa krimu nzima kwa kutojua hili, na wengine wamepaka iliyooza. Na usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, hasa kinga ya jua, joto huiharibu.

Nyumbani anza na kitu kimoja, wiki mbili, ndipo uongeze cha pili. Ukianza vyote pamoja na uso ukachafuka, hutajua mwizi ni nani. Kuwashwa kidogo kunakokwisha baada ya dakika chache ni jambo la kawaida kwa baadhi ya seramu. Uvimbe wa kope au midomo, malengelenge, au kupumua kwa shida si mambo ya kuuliza kwenye kundi: osha kwa maji mengi, nenda hospitali, na chupa uende nayo.

Wapo wanaokwenda ili waifanye kazi. Cheti cha siku moja kitapendeza ukutani, ila saluni nzuri itakuuliza kama umefanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kwa hiyo lione darasa hili kuwa nyongeza. Mteja wako mkubwa Pwani ni bibi harusi, na usiku wa kupamba una joto, taa kali, machozi na busu za mashangazi. Jaribu kazi yako hivyo: mpake ndugu yako saa nane mchana, mtume sokoni, mtazame tena saa mbili usiku. Bibi harusi mwenyewe aje wiki moja kabla ajaribiwe nyuma ya sikio, vipodozi na hata piko, kwa sababu piko nyeusi ina kemikali ya PPD iliyowaachia wengi mikono yenye malengelenge siku ya furaha. Bei ya jaribio hilo mtajie mapema, pamoja na bei ya siku yenyewe, na uchukue nusu kabla.